Nilivyokwenda Ngara Kumtafuta P. Minani

Mmeniuliza sana. Wasichana wa chumba cha taipu wameniuliza, mzee wa chai ameniuliza, na jirani yangu ameniuliza kupitia dirishani huku mimi naoga. Kila mtu anataka kujua imekuwaje mtu aliyetumwa kwa siku kumi akarudi baada ya wiki tano, akichechemea, amebeba kapu la maharage, na ndani yake suti ya kuazima iliyochanika begani. Basi nimeandika mara moja. Msome, kisha mniache nifanye kazi.

Kazi yangu mnaijua. Mimi ndiye mwandika kadi katika ghala la insha na tasnifu hapa chuoni. Jina la mwandishi, mwaka wa kuzaliwa, jina la kazi, namba ya rafu. Miaka miwili iliyopita nilikuta insha tatu kutoka Ngara, na juu ya kila moja pameandikwa P. Minani. Moja ilihusu ufugaji wa nyuki, moja nyimbo za harusi, na ya tatu siku ambayo mama wa mwandishi alihamishiwa kijiji cha ujamaa. Nikazifunga zote tatu kwa uzi mmoja na kumwandikia huyo P. Minani kadi moja. Kisha, niseme ukweli, nikampenda. Nikakaa chini nikamwandikia dibaji ya kurasa nne, nikimwita mwanazuoni adimu ambaye mzinga wa nyuki, ngoma ya harusi na historia ya taifa vyote vimo kiganjani mwake.

Insha ya tatu ndiyo iliyonishika zaidi, na ilikuwa na kasoro moja: ukurasa wa mwisho haukuwepo. Ukurasa wa kumi na mbili unaishia hivi: "Lori lilipoanza kunguruma mama akashuka, akarudi mpaka mlangoni kwake, akageuka akatuambia," halafu basi. Alisema nini? Mimi katika dibaji nilishajijibu. Niliandika kwamba hapana shaka mama yule alitamka maneno mazito ya kuwaaga mababu.

Mkuu wetu Mama Rukia alipotaka kuichapa insha hiyo iwe kitabu cha masomo ya watu wazima, aliniita. Barua mbili zilikuwa zimekwenda Ngara bila majibu.

"Mtafute huyo Minani wako," akasema. "Nataka ukurasa wa kumi na tatu na nataka sahihi yake. Bila hivyo viwili hakuna kitabu, na hiyo dibaji yako nitafungia maandazi."

Nikamjibu kwa kiburi kwamba jina lenyewe ni rahisi. Nitauliza ukoo wa Minani unakaa wapi, nitaonyeshwa, nitarudi. Hakuna aliyenikosoa, maana ofisini kwetu sote ni watu wa pwani.

Ili nionekane mtu wa maana niliazima suti ya kaki kwa dereva wa ofisi, yenye mifuko minne na mikono mifupi. Insha nilizitia katika bahasha kubwa ya serikali. Ikumbukeni hiyo suti, na hiyo bahasha pia.

Biharamulo: Minani wa kwanza

Ya treni na ya lori la kutoka Mwanza siwasimulii. Nilifika Biharamulo nikiwa na rangi ya barabara, nikakuta mji umejaa watu wasiokwenda popote. Magari yalikuwa yamechukuliwa kupeleka askari na vyakula vitani, kumng'oa nduli. Karani wa stendi aliniambia basi la Ngara litakuja.

"Lini?"

"Likirudi."

"Limekwenda wapi?"

"Liko Uganda," akasema, kama anayesema liko gereji.

Nikakaa siku sita. Nilishinda kwenye kivuli cha ukuta wa boma la Wajerumani, nikila ndizi na maharage asubuhi, maharage na ndizi mchana, na jioni vyote viwili pamoja. Siku ya pili nilimwuliza mama mwenye hoteli kama anaweza kunitilia nazi. Alifikiri kidogo, akaniuliza nazi ni mboga gani. Sukari ilikuwa imekwisha katika duka la ushirika, kwa hiyo chai ililetwa na asali ya msituni, nyeusi, yenye miguu miwili mitatu ya nyuki ndani. Nilijifariji kwamba P. Minani angeweza kunieleza ni nyuki wa aina gani.

Na siku ya tatu nikampata! Nilikuwa nauliza kila mtu, na mzee mmoja Msukuma aliyekuja kuuza ng'ombe mnadani akaninyooshea fimbo kuelekea hospitali. Huko nikamkuta mtunza bustani, mtu mzima, mpole, ana mkasi wa kukatia michongoma.

"Shikamoo, mzee. Wewe ndiwe Minani?"

"Marahaba. Ndiyo mimi."

"P. Minani?"

"Paskali. Kuna nini?"

Nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilimwambia nimesafiri nusu ya nchi kwa ajili yake, kwamba tunamsoma, kwamba maandishi yake yamenitoa machozi. Akatabasamu kwa haya, akafuta mkasi kwenye suruali.

"Nashukuru sana," akasema. "Sikujua yalifika mbali hivyo."

"Kwa hiyo ni wewe uliyeandika?"

"Niliandika mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Ile ya mama? Ya nyuki?"

Akanitazama. "Mimi niliandika ya kuomba likizo."

Alisikitika kuliko mimi. Alinisindikiza mpaka getini akanipa ua, na pale getini akaniuliza kama naona likizo hiyo itapita. Nilimwambia itapita. Sijui ilikuwaje, lakini mtu ukishamsifu mtu kiasi kile huwezi kumwacha hivihivi.

Barabara ya Ngara: kofi

Siku ya saba nilipata lori la mbegu za maharage, nikakaa juu ya magunia. Katikati ya msitu kuna kizuizi, na magari yote husimama. Nilijua kuna vita, nilijua mtu mwenye bahasha ya serikali anaheshimiwa, kwa hiyo nikashuka kwa madaha. Mtu mmoja aliyevaa koti refu akanizunguka taratibu, akasimama nyuma yangu, akanipiga kofi la shingo mpaka kofia ikaruka.

Nikapiga kelele kwamba mimi ni mtumishi wa umma.

"Mbung'o," akasema, akanionyesha inzi aliyempondaponda kiganjani. Alikuwa na wavu na mkebe, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna mbung'o anayetoka msituni amepanda gari. Akamtia yule wangu katika mkebe na kuandika kwenye daftari. Akaandika vizuri: saa, gari, mahali alipokamatwa mdudu. Shingo ya abiria, akaandika. Mimi mwandika kadi siwezi kumlaumu mtu wa namna hiyo.

Bugarama: Minani wanne na Alhamisi mmoja

Lori lilinishusha Bugarama, na hapo ndipo nilipokamatwa. Nilistahili. Wilaya iko mpakani, nchi iko vitani, na mtu asiyejulikana mwenye suti ya kaki anapita sokoni akiuliza kila duka: "Minani yuko wapi?" Wakimwuliza Minani yupi, anajibu: "Wote."

Mgambo aliyenishika alikuwa na rungu na redio ndogo iliyokuwa ikipiga nyimbo za vita. "Kalatasi hizo ni za nini?" akauliza. Nikamwambia ni za nyuki na nyimbo za harusi. Akanivuta begani, ndipo suti ilipochanika, akanipeleka kwa Katibu Kata.

Katibu Kata alikuwa mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, jina lake Bukuru. Alisoma insha zote tatu, bila haraka, huku mimi nimekaa kwenye benchi na watu wamejaa dirishani. Alipomaliza akavua miwani.

"Ndugu, wewe unatafuta nini hasa?"

"Mtu wa ukoo wa Minani, mheshimiwa. Nionyeshwe tu nyumbani kwao."

Dirishani watu wakatazamana. Kisha mtu akaanza kucheka, na kicheko kikaenda mpaka nje kabisa, na huko nje nikasikia kinaelezwa kwa Kihangaza na kuanza upya.

Katibu Kata hakucheka. Alisimama, akaenda mlangoni akaita: "Minani!" Wakaja watu wanne. Kijana fundi baiskeli, mama mwenye mtoto mgongoni, mzee, na yule mgambo wangu.

"Hawa si ndugu," akasema. "Kwetu mtoto harithi jina la baba. Kila mmoja na lake. Mtoto wa saba mara nyingi ni Nyandwi, wa nane ni Minani, wa tisa Nyabenda. Mimi ni Bukuru kwa sababu tulizaliwa pacha nikatangulia. Mwenzangu ni Butoyi. Kila mama aliyefikisha wanane ana Minani wake. Umekuja Ngara kuulizia ukoo wa nane?"

Niliona dibaji yangu inakufa mbele ya macho yangu, ukurasa kwa ukurasa. Mwanazuoni wangu adimu alikuwa watoto wa nane watatu.

"Na wewe jina lako?" akauliza.

"Hamisi Juma, wa Pangani."

"Maana yake?"

Nikajikuna. "Hamisi ni... nilizaliwa Alhamisi."

"Na baba?"

"Ijumaa."

Safari hii alicheka yeye pia. "Huko kwenu Pangani Hamisi ni wengi?"

"Ni wengi, mheshimiwa."

"Wote ndugu zako?"

Nimefanya kazi ya majina kwa miaka tisa, na katika droo zangu kuna akina Juma kadi mia na zaidi, ambao sijawahi kuwachanganya hata mara moja kwa sababu najua juma lina siku saba. Lakini haikunipitia akilini kwamba na watu wengine huhesabu.

Baada ya hapo tulikuwa marafiki. Katibu Kata alijua kila mmoja: ya nyuki ni ya Petro Minani, katekista, marehemu, ya nyimbo ni ya Pelagia Minani, aliyeolewa Burundi. Ya tatu akaishika muda mrefu.

"Huyu ni Pontiani. Mwalimu wa Keza. Mama yake yupo." Akaikunja insha taratibu. "Yeye hayupo. Alijiandikisha, akaenda vitani. Tangu mvua za kwanza hakuna barua."

Nilisikia, lakini sikusikia. Kichwani mwangu kulikuwa na ukurasa wa kumi na tatu tu. Mama yupo! Mama ndiye aliyesema maneno. Nikaaga asubuhi yake, nikaanza kupanda kwa miguu na viatu vipya.

Keza: ukurasa wa kumi na tatu

Njia ya Keza ni ya miguu, inapanda kilima ili ishuke, na inashuka ili ipande. Nilipofika kijijini malengelenge yamepasuka, lakini nilijipangusa, nikalifunga bega la suti kwa pini, nikaishika bahasha mbele ya kifua. Nilitaka kuingia kwa heshima.

Mama alikuwa uani anapepeta maharage kwa ungo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Hapa ndipo kwa mama yake Pontiani Minani?"

"Ndipo."

Nikasimama wima. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. "Mama," nikasema, "nimetumwa kutoka Dar es Salaam kwa habari ya mwanao Minani. Nimekuletea karatasi zake."

Akaweka ungo chini. Akavua kitambaa cha kichwa. Akakaa chini udongoni, miguu imenyooka mbele, akatoa sauti.

Mimi nilikuwa natabasamu. Rafiki zangu, naandika haya ili mnicheke, lakini hapa naona aibu hata kucheka. Nilidhani ni furaha. Kwetu mgeni akipokewa kwa sauti ya juu ni heshima. Nilitabasamu mpaka jirani wa kwanza alipoingia anakimbia mikono kichwani, na wa pili, na wa tano, na ua mzima ukawa unalia, na mimi katikati nimeshika bahasha ya serikali, nimevaa kaki.

Mwanamke mmoja akapenya na jembe begani, ametoka shambani moja kwa moja. Ni dada yake Pontiani, Nyandwi, wa saba. Hakulia. Alisimama mbele yangu.

"Amefia wapi?"

"Nani?"

"Minani!"

"Hajafa!" nikapiga kelele. "Mimi natoka maktaba! Hajafa!"

Vilio vikakatika. Mama akainua uso, akasema jambo kwa Kihangaza, na Nyandwi akalitafsiri bila kuniondolea macho.

"Anauliza, umemwona yu hai?"

Hapo ndipo nilipojua nilichokifanya. Ningeweza kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa tayari kabisa, maana huu ndio ulimi uliompitishia Paskali likizo yake. Lakini mama alikuwa ananitazama.

"Sijamwona," nikasema. "Sijui, mama. Sijui chochote. Nisamehe."

Nikapiga magoti palepale na kueleza: alipokuwa chuo cha ualimu aliandika insha kuhusu mama yake, ikatufikia, tunaipenda, imepungua ukurasa. Nyandwi akatafsiri kwa ukali, kama anayemsomea mtu mashtaka. Mama akajipangusa uso kwa kile kitambaa. Kisha akasema Kiswahili, pole pole.

"Ameandika mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Soma."

Nikasoma kwa sauti, na Nyandwi akageuza sentensi kwa sentensi. Ukurasa wa kwanza walikuwa bado wanapangusa machozi. Ukurasa wa tatu bibi mmoja akanikatiza: lori halikuwa la bluu, lilikuwa jekundu. Mwingine akasema bluu. Ukurasa wa tano wakagombana kama mbuzi walikuwa wawili au watatu, na ikaamuliwa watatu, kwa sababu mmoja alizalia humohumo ndani ya lori. Walimcheka mwenyekiti wa wakati ule, aliyetuma watu wabebe paa la nyumba na kusahau walikoliweka. Nikafika ukurasa wa kumi na mbili.

"Lori lilipoanza kunguruma mama akashuka, akarudi mpaka mlangoni kwake, akageuka akatuambia." Nikashusha karatasi. "Hapa ndipo inapokatika, mama. Uliwaambia nini?"

Nilitoa kalamu. Nilikuwa tayari kwa mababu.

Mama akamtazama Nyandwi, wakaanza kutabasamu wote wawili, kwa mara ya kwanza.

"Ngojeni nifagie," akasema.

"Nini?"

"Niliwaambia ngojeni, nifagie." Akaonyesha kwa mkono kama ameshika ufagio. "Paa wametoa, mlango wametoa. Nyumba chafu, majani kila mahali. Siwezi kuiacha hivyo. Nikafagia ndani, nikafagia ua. Dereva anapiga honi, mimi nafagia."

"Minani alishuka akashika ufagio wa pili," akasema Nyandwi. "Sisi wengine tulikaa juu ya lori tukiona aibu. Yeye ndiye aliyeshuka."

Nikaandika maneno yao kama walivyosema, nikawasomea, wakakubali, isipokuwa walitaka niongeze kwamba honi ilipigwa mara nyingi. Kisha nikakumbuka kadi. Nilikuwa nimeandika mpya kule Bugarama, ya Pontiani peke yake, nikampa mama aione. Nyandwi, aliyejifunza kusoma katika darasa la huyo mdogo wake, akaifuatisha kwa kidole chenye udongo.

"Minani, Pontiani. Mwaka. Halafu kamstari, halafu pako wazi." Akanitazama kwa dharau. "Umetoka mbali kote huko kudai ukurasa wa watu, na chako mwenyewe hukukimaliza."

"Sikusahau," nikasema. "Mwaka wa kwanza ni wa kuzaliwa. Kwa mtu aliye hai, baada ya mstari tunaacha hivyo."

Nyandwi akaondoa kidole kwenye kadi, akatafsiri. Mama akaichukua kadi, akaigeuza kuelekea jua, akapapasa ile nafasi nyeupe kwa kidole gumba.

"Mwambie asijaze," akasema. "Hata wakimletea karatasi, asijaze. Minani aje asome kwanza."

Nikaahidi. Sina mamlaka hayo, lakini niliahidi.

Kurudi

Walinipa maharage, yale yale yaliyokuwa kwenye ungo. Sikuweza kuyakataa, na sikuweza kuyala njiani, ndiyo maana mliniona nayo. Mama alinitaka nivue suti ile nisipite nayo vijiji vingine, akanipa shati la mwanawe. Kaki niliikunja ndani ya kapu. Kwenye kizuizi cha mbung'o nilisimama mwenyewe na kuinamisha shingo.

Mama Rukia amesoma ukurasa wa kumi na tatu. Akaivuta dibaji yangu toka kwenye mtoto wa meza, akaichana mara mbili, nami nikamshukuru. Zile insha mbili nyingine nimezifungua uzi, kila moja ina kadi yake. Ya Petro ina miaka yote miwili.

Vita vimekwisha sasa, na askari wanarudi kwa makundi. Shati lake nimelifua, limekunjwa hapa ofisini. Kila asubuhi kabla hamjafika nafagia chumba cha kadi, kisha navuta droo ya M nitazame kama pale baada ya mstari pako vilevile. Pako vilevile. Na Mama Rukia akiniuliza habari ya sahihi, namjibu kwamba mwenyewe yuko njiani.